Anayetoka Hajibu

Katika msimbo wa Linux kuna faili inayoitwa option.c. Imekaa ndani ya saraka ya viendeshi vya USB, na mistari yake ya mwisho inaeleza kazi yake kwa ufupi: ni kiendeshi cha modemu za GSM. Matthias Urlichs ndiye aliyeiandika mwaka 2005, na jina lake lingali humo. Jina la faili lilitokana na Option, kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza kadi za intaneti ambazo kiendeshi hiki kilizihudumia mwanzoni. Mtu wa Longisa aliyewahi kuchomeka modemu ya Huawei kwenye kompyuta yenye Ubuntu, akanunua bando na kufungua barua zake, ameiendesha faili hii bila kujua kwamba ipo. Hapa kwetu, kwenye barabara ya kutoka Bomet kwenda Mulot na Narok, kijiti cha modemu kiliwahi kuwa ndiyo njia ya kawaida ya kuifikisha kompyuta mtandaoni, iwe ni ya saiba, ya shule au ya nyumbani.

Nataka tuisome faili hii jinsi tunavyosoma utenzi: inafunguaje, imepangwaje, inafungaje. Ikikusanywa huwa moduli, kipande kinachopakiwa ndani ya kiini cha Linux. Wahandisi huiuliza moduli kama inafanya kazi, wakaridhika. Mimi nauliza kwa nini imepewa umbo hili. Na baada ya kuisoma kwa muda mrefu nimefikia msimamo kwamba umbo la moduli ya kiini limebuniwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kuingia ni rahisi. Kila kilicho kigumu, kizuri na cha hatari katika umbo hili kimewekwa kwenye kutoka.

Kwanza tukumbuke moduli iko wapi. Kiini cha mfumo, yaani kerneli, ndicho kinachogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kuzungumza na vifaa. Januari 1992 Andrew Tanenbaum, aliyetunga MINIX, alimlaumu Linus Torvalds hadharani kwa kuandika Linux, kiini kilicho donge moja. Kwake yeye, kiini cha kisasa kilipaswa kuwa kidogo na kuacha kazi nyingine kwa programu zilizotengwa, kila moja na ukuta wake. Torvalds hakubadili msimamo. Lakini donge lina taabu yake: ukitaka kiendeshi kipya, inabidi ujenge kiini upya na kuwasha mashine upya. Moduli zilikuja kutuliza taabu hiyo, na kufikia toleo la 1.2, Machi 1995, Linux ilikuwa nazo. Kipande cha msimbo kinaingizwa kiini kikiwa kinaendelea na kazi, na kinaweza kutolewa vivyo hivyo.

Kikishaingia, hakuna ukuta. Moduli inaishi katika kumbukumbu ileile ya kiini, ina mamlaka yaleyale, na ikigusa anwani isiyo yake hakuna wa kuizuia. Programu ya kawaida ikikosea huuawa peke yake na mashine ikaendelea. Moduli ikikosea inaweza kuiangusha mashine nzima. Ulinzi ambao ukuta ungeutoa umebebeshwa umbo: desturi za namna ya kuandika, viapo vinavyosemwa mlangoni, mpangilio wa kufungua na kufunga. Ndiyo maana umbo hapa linastahili kusomwa kwa makini kuliko katika programu nyingine yoyote.

Moduli ndogo ya kawaida ya Linux ina funksheni mbili. Moja inatangazwa kwa module_init, nyingine kwa module_exit. Mwanafunzi huambiwa kwamba ya kwanza huitwa moduli inapoingizwa na ya pili inapotolewa, akapita. Tusipite. Funksheni ya kuingilia hurudisha namba kamili. Ikirudisha sifuri, kiini kinaikubali moduli. Ikirudisha namba hasi, kiini kinaitupa nje na kumweleza mtumiaji sababu. Funksheni ya kutokea hairudishi kitu chochote. Aina ya jibu lake ni tupu. Sarufi yenyewe ya lugha ya C inaizuia kusema kwamba imeshindwa, au kwamba bado haijawa tayari, au kwamba kuna kazi imebaki.

Huu ndio uamuzi mkubwa wa umbo zima. Anayeingia anaulizwa na ana haki ya kukataa, anayetoka hajibu. Kiini kikishaiita funksheni ya kutokea, kinachukulia kwamba kila kitu kimerudishwa: kumbukumbu iliyoazimwa, kipima muda kilichowekwa, jina lililosajiliwa. Halafu kinaifuta moduli. Kama mwandishi alisahau kuzima kipima muda kimoja, dakika chache baadaye saa itafika, kiini kitaruka kwenda kwenye anwani ambapo msimbo ulikuwa, na pale hakuna kitu tena. Ripoti ya ajali itaandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo kwa Kiingereza, maana ujumbe wa kiini hautafsiriwi. Hata kwenye kompyuta ambayo menyu zake zote zimewekwa Kiswahili, kiini huanguka kwa lugha moja tu.

Ukimya huu wa mwisho unatawala hata maandishi ya mwanzo. Fungua moduli yoyote iliyoandikwa na mkono mzuri, utazame jinsi funksheni ya kuingilia inavyokabili kushindwa. Inaomba kumbukumbu, kisha inasajili kifaa, kisha inawasha kikatizo. Ikikwama hatua ya tatu, inaruka kwenda kwenye lebo zilizopangwa chini kabisa, na hapo inatengua ya pili, halafu ya kwanza. Kilichofunguliwa mwisho kinafungwa kwanza. Funksheni ya kutokea nayo inarudia mfuatano uleule wa kinyume, hatua kwa hatua. Kwa hiyo moduli nzuri ina ulinganifu unaoonekana kwa jicho hata kabla hujaelewa kinachofanyika: nusu ya juu inapanda, nusu ya chini inashuka kwa kukanyaga vidato vilevile. Hatua ikikosekana upande mmoja, msomaji mzoefu huiona haraka kama sikio linavyoshtuka mizani inapopungua. Nimewahi kusoma viendeshi vya watengenezaji wa vifaa ambamo mwanzo umejaa mbwembwe na mwisho una mistari miwili. Huhitaji kuvijaribu ili ujue vitavuja.

Mifumo mingine ya ukoo wa Unix ilichagua umbo tofauti, na kulinganisha kunasaidia. FreeBSD haina funksheni mbili. Ina msikilizaji mmoja anayepewa neno la tukio, ama kupakiwa, ama kuondolewa, ama mashine kuzimwa, na kwa kila tukio anajibu kwa namba. Ukimwambia aondoke, anaweza kujibu kwamba ana kazi, na akabaki. Solaris ina funksheni tatu, na ile ya kutokea, _fini, nayo hurudisha jibu. Ya katikati, _info, kazi yake ni kujitambulisha tu. Kwa upande wa adabu, naona Solaris na FreeBSD ziko juu: zinampa mtokaji nafasi ya kusema. Hata hivyo nafasi hiyo inamweka katika kiti cha hakimu wa kesi yake mwenyewe. Moduli inaweza kusema iko tayari wakati bado kuna msimbo mwingine unaoelekea kuiita.

Linux iliwahi kuanguka katika shimo hilohilo. Katika matoleo ya zamani moduli ilijihesabia yenyewe idadi ya wanaoitumia, kwa makro iliyoitwa MOD_INC_USE_COUNT. Kasoro yake iko kwenye mantiki: ili moduli iongeze hesabu yake, ni lazima msimbo wake uwe umeshaanza kutekelezwa, na katika ule mwanya mfupi kabla ya kuongeza, hesabu inasoma sifuri na moduli inaweza kufutwa ikiwa na mtu ndani. Rusty Russell aliandika upya mfumo wa kupakia moduli wakati wa matoleo ya 2.5, uliotoka kwa umma katika 2.6, Desemba 2003. Tangu hapo hesabu inashikwa na aliye nje: anayetaka kuitumia moduli anaishika kwanza, kisha anaingia. Sasa ule ukimya wa funksheni ya kutokea unaeleweka. Haiulizwi kwa sababu swali limeshajibiwa na wengine kabla haijaitwa.

Hesabu hiyo inaonekana kwa amri ya lsmod. Chomeka modemu, piga simu ya intaneti, kisha usome safu ya mwisho. Option inaitegemea moduli nyingine, usb_wwan, na zote mbili zinaitegemea ya tatu, usbserial. Majina yao yamepangwa baada ya namba. Ukijaribu kuitoa usbserial kwa rmmod unakataliwa, na unatajiwa nani anaishikilia. Ukiichomoa modemu ghafla, moduli haitoki. Kifaa kimekwenda, hesabu imeshuka, na option inabaki kumbukumbuni ikingoja kifaa kingine.

Turudi sasa kwenye faili yenyewe. Ukiitafuta funksheni ya kuingilia ndani ya option.c huioni. Ya kutokea pia huioni. Karibu na mwisho kuna mstari mmoja, makro ya module_usb_serial_driver, na ndani yake milango yote miwili imefichwa. Kikusanyi cha msimbo kinapoikuta makro hiyo kinaandika kuingia na kutoka kwa pamoja, sawasawa, bila nafasi ya kusahau upande mmoja. Kwa wengine hii ni njia ya kupunguza kuandika. Kwangu ni jibu la kimaumbo kwa tatizo la ukimya: mwandishi wa kiendeshi amenyang'anywa kalamu mahali ambapo waandishi wengi walikosea. Kuna hasara ndogo, kwamba mwanafunzi anayejifunza kwa kusoma haoni tena ule ulinganifu wa kupanda na kushuka. Naikubali hasara hiyo.

Baada ya milango kufichwa, kilichobaki ni orodha. Zaidi ya mistari elfu moja ya faili ni jedwali la vifaa: namba ya mtengenezaji, namba ya kifaa, na mara nyingine maelekezo mafupi pembeni. Huawei ni 12d1. E220, modemu iliyosambaa sana wakati wa 3G, ni 1003. ZTE ni 19d2. Ni orodha isiyo na kitenzi, na inaendelea ukurasa baada ya ukurasa hadi kwenye mstari mtupu unaoashiria mwisho. Niliposoma mara ya kwanza niliiruka. Sasa naiona kuwa moyo wa faili, kwa sababu jedwali hili linasomwa na wasomaji wawili. Moduli yenyewe inalitumia ikiwa ndani. Kabla haijaingia, programu ya depmod inalichota na kuliandika katika faili ya modules.alias. Modemu inapochomekwa, kiini kinatangaza namba zake, programu ya udev inazitafuta katika orodha hiyo na kuiita option pamoja na zote inazozitegemea. Moduli inaitwa kwa maneno iliyoyaandika juu yake yenyewe ikiwa bado imelala kwenye diski.

Mahali pekee ambapo faili hii ina mvutano wa kisa ni kwenye funksheni ya option_probe. Modemu hizi zilikuwa na tabia ya kujitokeza na sura mbili. Kwanza zinajitambulisha kama CD yenye programu za Windows; hadi zitumiwe ujumbe maalumu ndipo zinageuka kuwa modemu. Kwenye Linux kazi hiyo ya kuzigeuza ilifanywa hasa na usb_modeswitch ya Josua Dietze. Option_probe inapoitwa inakagua kiolesura kilichopo mbele yake, na kikiwa cha hifadhi ya data inarudisha kosa mara moja: hiki si changu. Halafu inasoma maelekezo ya pembeni ya jedwali, na kiolesura kilichotengewa kiendeshi kingine inakiacha pia. Ni mistari michache, na yote ni ya kukataa. Katika mazingira yasiyo na ukuta, kiendeshi kinachojua kisichokihusu kina thamani kubwa kuliko kinachong'ang'ania kila kitu, na kwangu sehemu hii ndiyo nzuri kuliko zote katika option.c.

Faili inafunga kwa kutaja mwandishi, maelezo na leseni, kama mtunzi wa utenzi anavyojitaja katika beti za mwisho. Lakini hapa utambulisho una nguvu ya kisheria ndani ya mashine. Kiini kinausoma mstari wa leseni kabla ya kuikubali moduli. Zipo funksheni zake zilizowekewa wenye leseni ya GPL peke yao. Asiyekuwa nayo hazioni. Moduli ya leseni iliyofungwa inakiwekea kiini alama ya P, na ripoti zote za ajali zitakazofuata zitaibeba. Alama hiyo haiondoki hata moduli ikitolewa. Inabaki hadi mashine izimwe. Kwa hiyo kuna kitu kimoja ambacho funksheni ya kutokea haiwezi kukitengua kamwe, nacho ni kwamba moduli iliwahi kuingia.

Mwaka 2004 kampuni ya Linuxant ya Kanada ilionyesha udhaifu wa mstari huo, na kwa bahati viendeshi vyake vilikuwa vya modemu. Ndani ya tangazo la leseni iliandika GPL, ikaweka herufi ya sifuri, kisha ikaendelea na maelezo kwamba leseni hiyo inahusu saraka moja tu. Katika C, herufi ya sifuri ndiyo mwisho wa maneno. Binadamu aliyesoma msimbo aliona sentensi nzima. Kiini kilisoma herufi tatu na kuridhika. Kampuni ilijitetea kwamba ilitaka kuwaepusha wateja na maonyo yanayojirudia kwa kila moduli. Waandishi wa kiini walikasirika, na nadhani walikuwa na haki. Pasipo na ukuta, tangazo la kweli ni sehemu ya ulinzi, na kuandika maneno yanayosomeka tofauti kwa wasomaji wawili ni kuubomoa.

Umbo hili limepanda hadi kwenye programu za juu, na mfano ulio karibu nasi umetoka Eldoret. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, ulianza kutumika Eldoret Februari 2006 chini ya mpango wa AMPATH, nao umejengwa kwa moduli. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya vya serikali nchini, imejengwa juu yake. Moduli ya OpenMRS nayo ina faili ya kujitambulisha yenye jina, mwandishi, toleo na moduli inazozitegemea, na ina kitu kinachoitwa activator. Hapo milango miwili imekuwa vituo sita: itaanza, imeanza, itasimama, imesimama, na viwili vya kufanya upya mazingira. Ni umbo lenye subira, linalotangaza kila tendo kabla na baada. Linaweza kumudu subira hiyo kwa sababu liko ndani ya ukuta wa mashine ya Java. Moduli ikishindwa kuanza, ukurasa wa msimamizi unaonyesha kosa, na kwa kawaida kiini kilicho chini hakitikisiki. Karani wa zahanati anabofya upya. Ufupi mkali wa moduli ya Linux unatokana na kukosa nafasi ya pili ya namna hiyo.

Wapo walioamua kwamba hatari haifai. OpenBSD iliziondoa moduli za kupakia kabisa katika toleo la 5.7, mwaka 2015. Linux ina njia ya kati: swichi ya modules_disabled, ambayo ukiiweka moja hairudi sifuri hadi mashine iwashwe upya. Kwa seva ya hospitali ningeiweka. Kwa kompyuta ya saiba la Longisa, ambapo leo inachomekwa modemu hii na kesho nyingine, singeiweka.

Hata modemu ambayo haimo kwenye jedwali bado ina njia. Mwenye mamlaka ya root akiandika namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa ndani ya /sys/bus/usb-serial/drivers/option1/new_id, option inaongeza mstari huo kumbukumbuni na kukishika kifaa palepale, bila kujenga kitu upya. Msomaji ameandika ndani ya maandishi aliyokuwa anayasoma. Mstari wake unadumu kadiri moduli ilivyo ndani; ikitolewa, unapotea. Anayetaka udumu anaandika kiraka cha mstari mmoja au miwili na kukituma kwa Johan Hovold, msimamizi wa viendeshi vya USB-serial, akiambatisha matokeo ya amri ya usb-devices na maelezo ya kila kiolesura: kipi ni cha uchunguzi, kipi kinapokea amri za AT, na kipi ni cha QMI ambacho option inapaswa kukiacha.